Kicheko Kwenye Filamu Bubu

Baba yangu mtu mzuri, ila akishikilia jambo lake utaipata. Miaka thelathini alikuwa mwonyesha filamu kwenye jumba la sinema. Lilipofungwa, wenzake waligombea viti. Yeye akaja nyumbani na makopo kumi na manane ya filamu za zamani za vichekesho zisizo na sauti, akayasukuma chini ya kitanda. Mama alisema tu, "Makubwa haya!"

Alipostaafu ikamwingia kwamba lazima dunia nzima izione. Basi kila jioni shuka jeupe ukutani, projekta juu ya meza ya kulia, simu yangu juu ya rundo la vitabu inarekodi. Mama kwenye kochi anashona vifungo na kucheka. Na Mama akicheka, hata jirani anajua.

Filamu ya kwanza ilipopanda mtandaoni na kicheko cha Mama ndani yake, Baba aliruka. "Mama watoto, umeniharibia! Hii ni filamu bubu!"

"Baba, sauti inafutika," nikamwambia.

"Sitaki! Kuanzia leo, ukumbini kimya!" Ukumbini! Sebuleni kwetu!

Mama akanyamaza kweli, wiki mbili na ushei. Akiwa na neno, anaandika kwenye kadibodi na kumnyanyulia, kama maandishi ya filamu zake: CHAI IKO MEZANI. Au: UMEGEUZA FULANA. Mimi mbavu sina. Baba alijifanya haoni, lakini chakula hakikumpanda.

Likabaki kopo la mwisho. Utepe wake wa filamu ulikuwa umeoza kwa uzee, unanuka siki na kujikunja. Ukipita kwenye projekta mara moja, haupiti tena. Filamu hiyo ndiyo Baba aliyokuwa akiionyesha ujanani, aliposikia msichana akicheka kule chini ukumbini hadi akasahau kubadilisha utepe. Ukumbi mzima ukamzomea, msichana bado anacheka. Ndiye Mama.

Baba alikaa na kopo mapajani, hawashi kitu. Mwishowe akaita, "Mke wangu, njoo. Peke yangu siiwezi hii."

Mama akasimama mlangoni na kadibodi: NIKICHEKA JE?

"Cheka. Kukosa sauti yako kumeninyima raha."

Basi alicheka, akapiga meza kwa kiganja, simu yangu ikadondoka chali. Hatukujua mpaka utepe ulipokwisha kupita, umekatika vipandevipande. Nusu ya filamu iliyorekodiwa ni dari yetu na kicheko cha Mama.

Nikajua nimekwisha. Baba akaipandisha mtandaoni hivyohivyo. Jana nimemkuta anairudia ile nusu ya dari, kafumba macho.