Jiko la Mama Angetile

Mama Angetile alikuwa mpishi wa shule ya misheni pale Matema tangu enzi Wajerumani walipoijenga kando ya ziwa. Alipika mpaka moshi ulipomharibu macho, ndipo walimu wakamwambia akapumzike. Lakini nyumbani kwake kulijaa watu: wana, wakwe, wajukuu na wapwa wa marehemu mumewe, wote wakigombania mchuzi wa samaki. Neli, kitinda mimba wake, alidhani nyumba zote duniani zina kelele namna ile.

Vita ikaja. Askari waliotafuta wapagazi wakawachukua kaka zake Neli, Sadoki na Ambilikile. Wake zao wakarudi kwa wazazi wao pamoja na watoto, na wapwa nao wakatawanyika. Akabaki Neli na mama yake. Kisha Waingereza wakaingia, wakawaondoa walimu wa kizungu, na shule ikafungwa.

Siku moja Neli alirudi kutoka kuchota maji akiwa na fadhaa. "Mama, wale wasichana wa milimani bado wako bwenini. Njia ya kwao imejaa askari."

"Wanakula nini?"

"Mapapai mabichi."

"Walete hapa."

"Mama, ndizi zenyewe hazitutoshi."

"Nimesema walete! Wanangu nao wako huko porini, nani anawapa chakula?"

Neli akawaleta. Mama Angetile, ambaye sasa aliona vivuli tu, akawasha tena moto, akimwuliza kila msichana jina lake na kushika uso wake. Nyumba ikachangamka. Wakalala wakibanana mikekani, wakala walichopata, hadi njia ilipofunguka na baba zao wakashuka na mizigo ya maharage. "Ndaga, mama," walisema, wakishukuru kwa Kinyakyusa chao cha kubabaisha. Wasichana walilia. Neli naye alilia, kwa maana ukimya ulikuwa unarudi.

Baadaye Sadoki alirejea, amekonda, peke yake. Ambilikile alikuwa amezikwa njiani, hata Sadoki hakujua pale paliitwaje. Mama Angetile alisikiliza mpaka mwisho, akamwosha mwanawe miguu.

Sasa Neli ameolewa huko Katumba Songwe, na mama yake ameshazikwa. Jioni, ugali ukiiva, hutamani kumsikia tena akiwaita watoto wake waje kula, kuanzia mkubwa hadi yeye wa mwisho. Mpaka alipokufa, mama alikuwa akimwita Ambilikile pamoja nao.