Ndagala Niliowaita Sambaza

Mwanangu, hebu weka simu chini kwanza. Tangu asubuhi nilipoona umewapiga picha ndagala, hawa dagaa wa Ziwa Tanganyika, na kuwaandikia wateja kwamba ni sambaza, sina raha. Nakaa, nainuka, chai yenyewe imepoa.

Nakumbuka siku moja, nikiwa na umri kama wako, mwezi ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwaka hivyo sambaza hawafuati taa za wavuvi. Soko zima la Kamembe, huku Rwanda, samaki hakuna. Nami nilikuwa na mteja ng'ambo, Bukavu ya Kongo, Maman Feza, aliyekuwa anapokea wakwe siku hiyo. Huyo mama hakuwahi kufunua beseni langu. Aliuliza tu nimeleta nini. Nikitaja jina, anabeba. Wapo wasemao samaki huyu aliitwa sambaza kwa kuwa alisambaa upesi ziwani. Sijui kama ni kweli. Ninachojua, kwetu jina hilo lilimaanisha samaki mbichi wa Ziwa Kivu, aliyevuliwa usiku uliotangulia.

Basi nikaloweka ndagala wakavu wa Tanganyika mpaka wakavimba, nikatandaza juu yao sambaza wachache niliobahatika kuwapata. Nikavuka mpaka kwenye mto Rusizi, nikamwambia Maman Feza ni sambaza.

Wakwe walitafuna mchanga, maana ndagala wale walianikwa chini. Niliporudi kwake nilijitetea kwamba hao ni samaki wa ukoo mmoja. Maman Feza hakunifokea.

"Ungeniambia ni ndagala, mutoto, ningepika ndagala, na bakwe bangekula bila shida," alisema. "Sasa mbele ya bale bantu, muongo ni mie."

Kisha akafunua beseni, akachokonoa mpaka chini. Alifanya hivyo kila nilipokwenda, miaka yote, hata siku nilizoleta samaki wazuri kabisa. Nilisimama pale nikiona aibu, nikitamani aniamini hata mara moja.

Mwanangu, ndagala hawana kosa, na watu wanawapenda. Waite kwa jina lao. Wa jana sema ni wa jana. Mteja anapika kwa kutegemea neno lako, na likiwa la uongo, aibu inampata yeye mezani kwake. Futa ulichoandika kabla mama wa watu hajawasha moto. Mungu abariki mikono yako, akupe soko jema na kinywa kinachoaminika. Haya, waandikie upya. Mimi nangoja hapa hapa.