Kiti cha Mjomba Idarousse

Faïza binti Mouridi hakusomea ngoma. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu Mutsamudu wapo watu wazima, wenye watoto na wajukuu, wanaodai mpaka leo kwamba binti wa marehemu Mwalimu Mouridi alipelekwa Ufaransa kujifunza kucheza mbele ya wazungu. Walisikia neno "burudani" katika jina la masomo yake, wakaishia hapo. Vichwani mwao hapakubaki nafasi ya maneno mengine. Masomo yenyewe yalikuwa ya shahada ya uzamili katika teknolojia ya midia anuwai na burudani, yaani namna ya kuunganisha picha, sauti na maandishi ndani ya kompyuta mpaka viwe kitu kimoja. Zimo hesabu humo zitakazomtoa jasho yeyote katika baraza la Moinahalima. Na huyo Moinahalima, jirani aliyeteremka kutoka kijiji cha Patsy na ulimi wake wote, ndiye chanzo cha nusu ya uvumi huu. Nusu nyingine ni ya wanaume.

Husemwa pia kwamba Faïza alimleta mjomba wake harusini kwa uchawi, na kwamba mjomba huyo alikuwa jasusi. Wengine wanasema wa Moroni, wengine wanasema wa Mutsamudu. Hata uongo wao hawakuupanga vizuri. Ilikuwa hivi.

Mwaka 2000 kisiwa cha Nzwani, ambacho mji wake mkuu ni Mutsamudu, kilikuwa katika mwaka wake wa tatu wa kujitenga na serikali ya Moroni, na adhabu ya mataifa mengine ilikuwa imeshuka: meli zimezuiwa, mafuta yameadimika, simu zimekatwa. Wakubwa wa Moroni walijiita wenye nchi, wakubwa wa Mutsamudu walijiita wakombozi, na kati yao wote hakupatikana mmoja wa kumuuzia mtu lita ya mafuta ya taa.

Mwaka huohuo Inaya, mdogo wake Faïza, alikuwa anaolewa, na harusi ilikuwa kubwa. Baba yao alikwisha kufariki. Wa kukaa kuliani kwa bibi harusi na kumkabidhi kwa mumewe alikuwa mjomba wao Idarousse, kaka yake Bi Saandia, mama yao. Katika familia ile, bibi harusi asiyekabidhiwa na mjomba ni kama aliyeokotwa njiani.

Lakini Idarousse alikuwa Itsandra, mji ulio jirani na Moroni katika kisiwa kingine, alikooa na kufanya kazi ya serikali miaka ishirini. Mwaka uliotangulia, vijana wa Moroni walipowafukuza watu wa Nzwani nyumba kwa nyumba, yeye alibaki kwa sababu wakwe zake walisimama mlangoni wakaapa kwamba huyu si mtu wa kujitenga. Kuvuka kwenda Mutsamudu kungekuwa kuwafanya wakwe zake waongo mbele ya mji mzima.

Faïza, kwa upande wake, alitakiwa kukamilisha kazi ya mwisho ya shahada: diski ya kompyuta ambayo mtazamaji anabonyeza sura ya mtu na kumsikia akisema. Alimweleza mwalimu wake kuhusu harusi ya watu waliozuiwa kukutana.

"Usiniletee huzuni ya kwenu, binti," mwalimu alimjibu. "Huzuni kila mtu anayo. Niletee mshono wa picha usioonekana."

Basi akatoka Ufaransa, akashuka Moroni, akaenda Itsandra, akatundika ukutani shuka la buluu, rangi ambayo kompyuta huweza kuifuta, akamsimamisha mjomba mbele yake katika joho lake la sherehe, akawasha kamera.

"Sasa nyoosha mkono umshike Inaya."

"Inaya yuko Mutsamudu, mwanangu."

"Shika mpini wa ufagio, Mjomba. Nimeupima, ni urefu wake akikaa."

Idarousse aliutazama ule ufagio. "Nimesoma mpaka Antananarivo. Nimewahudumia mawaziri saba, na wote walikuwa wajinga. Leo naozesha ufagio."

Mkewe alicheka mpaka akatoka nje. Lakini mzee alipoanza kumwombea dua mtoto wa dada yake, sauti ilimkatika mara mbili, na Faïza alizihifadhi zote mbili.

Kisha akapitia kisiwa cha Mahore, akavuka kwa boti ya injini, akafika Mutsamudu siku nne kabla ya harusi. Ukumbini, kuliani kwa Inaya, aliweka kiti kitupu na kuomba mtu asikikalie. Ukutani nyuma yake wakubwa walikuwa wametundika bendera nyekundu ya waliojitenga; siku hizo hata jando lisingefanyika bila bendera hiyo. Wageni wote walikizunguka kiti kwa heshima. Moinahalima alikuja, akakitazama, akakaa.

"Inuka hapo!" Bi Saandia alimwambia. "Hicho ni kiti cha kaka yangu."

"Kaka yako yuko wapi, Bi Saandia? Mbona mimi simwoni?"

"Hata herufi huzioni, na zipo. Inuka."

Kamera ya Faïza ilikuwa inarekodi.

Aliporudi Ufaransa, Faïza alifanya kazi kwa miezi mitatu. Mwanga wa Itsandra ulitoka kushoto, taa za ukumbi zilitoka kulia. Ilibidi kivuli cha mjomba kihamishwe picha moja moja, maelfu ya picha, mpaka mkono wake ukatua juu ya mkono wa Inaya kana kwamba haukuwahi kuwa mahali pengine. Mwanzoni kabisa aliweka maandishi meupe juu ya weusi, dakika nzima bila muziki: Mjomba Idarousse hakuweza kufika. Siku hii alikuwa Itsandra. Amewekwa hapa kwa kompyuta. Mwalimu wake aliutafuta mshono, hakuuona, na shahada ikatolewa kwa daraja la juu. Hiyo ndiyo ngoma aliyoicheza.

Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kompyuta, alimtumia mama yake nakala katika mkanda wa video. Bi Saandia aliutazama mara moja tu. Alisifu kila kitu isipokuwa mwanzo. "Kama tangazo la msiba," alisema. Akauchukua mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akaupeleka kwa Dhoihir, mwenye duka la video karibu na soko, ili awatolee jamaa nakala. Nakala za Dhoihir zilianza moja kwa moja na tari na vigelegele. Maandishi hayakuwamo.

Meli hazikupita, lakini mkanda ulipita. Baada ya wiki chache ulikuwa unachezwa Moroni.

Na hapa ieleweke desturi ya huko. Moroni na miji yake, mkanda wa harusi si kumbukumbu, ni ushahidi. Watu wakigombania nani alikaa safu ya mbele, nani alifika na nani alituma udhuru, mkanda huletwa, hurudishwa nyuma, na wazee hukata shauri. Hawakujua kwamba picha inaweza kutungwa. Wanaojua kutunga maneno tangu alfajiri hadi magharibi, hilo halikuwapitia akilini.

Idarousse aliitwa kwenye bangwe, uwanja wa wazee wa mji. Walikuwa wameleta televisheni.

"Huyu nani, Bwana Idarousse?"

"Ni mimi."

"Na hiyo juu ya kichwa chako?"

"Bendera ya waliojitenga. Lakini mimi nilikuwa hapahapa, wazee wangu. Nilikuwa nimeshika ufagio."

Walimtazama kama mgonjwa. Wakampa mpaka Ijumaa ya pili alete uthibitisho. Asipoleta, yeye na wakwe zake waliomwapia watatengwa: hakuna wa kuwasalimu, wa kula nao, wala wa kuwabebea jeneza.

Simu ya kutoka Moroni kwenda Ufaransa ilikuwa inafanya kazi. Mjomba alimweleza Faïza yote kwa sauti ya chini. Mkanda wa asili, ule usiotiwa mkono, ulikuwa kabatini kwake, na Moinahalima yuko ndani yake ameketi kwenye kiti kitupu. Lakini kabla Faïza hajaondoka Mutsamudu mama yake alikuwa amemwapisha asimwonyeshe mtu mkanda huo maisha yake yote, ili wasiokuwapo ukumbini wasijue kwamba binti wa Mouridi alikabidhiwa bila mjomba. Kumuuliza mama hakukuwezekana. Simu za Nzwani zilikuwa kimya. Faïza alikaa na mkanda mapajani asubuhi nzima. Adhuhuri akamkabidhi msafiri.

Ulifika Alhamisi. Siku ya pili, baada ya sala, wazee wa Itsandra wakamwona Moinahalima akikaa, wakamsikia Bi Saandia akimwinua, na wakacheka mpaka vilemba vikalegea. Idarousse alirudi mahali pake barazani. Wakwe zake wakaamkiwa. Na midomo ileile iliyotaka kumtenga ikaanza kusema kwamba Inaya aliozwa na kiti.

Njia zilipofunguliwa mwaka uliofuata, Faïza alirudi Mutsamudu. Mama yake hakumsemesha kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alisukuma sahani mbele yake.

"Kaka yangu anasalimiwa?"

"Anasalimiwa, Mama."

"Basi kula."

Kesho yake Faïza alikwenda dukani kwa Dhoihir kumuuliza kwa nini aliyakata maandishi.

"Si mimi niliyetaka, dada," Dhoihir alisema, huku akifuta kaunta iliyokuwa safi. "Niliambiwa nikate."

"Na nani?"

Dhoihir alimtajia. Faïza alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa na mama yake kuchambua mchele, wala hakuuliza kitu. Jina alilotajiwa halimo humu. Halitaandikwa, halitasemwa, na watu wa baraza la Moinahalima wasijisumbue kuja kupiga hodi.