Mama Futi Aliyetupima Macho

Wifi yangu, Mama Futi, dada wa tumbo moja wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekimbia vita na cherehani kichwani wakati sisi wengine tumebeba magodoro. Ndiye aliyeshona sare za kwanza za shule yetu kwa mapazia ya hoteli iliyobomolewa, watoto wakaingia darasani wamejaa maua mwili mzima. Ndiye aliyemwambia kamanda mmoja usoni kwamba hasira zake zinatokana na suruali kumbana. Jina alipewa kwa ile futi ya kupimia nguo, ambayo hakuivua shingoni hata msibani. Naandika haya angali hai, nimsomee ayasikie mwenyewe.

Vita vilipokwisha, shirika la msaada lilipata ghala lililobaki kuta tupu, likaezeka mabati, likaweka madawati. Asubuhi walisoma watoto, alasiri tukasoma mama zao, daftari bure, na chumba cha pembeni cha kulaza wachanga. Mama Futi alikaa chini ya dirisha akishona sare.

Mimi nilikaa mstari wa nyuma na wenzangu kumi, wote tumeshavuka miaka arobaini. Muhula wa pili mratibu wa shirika, binti mpole tu, akatutangazia kwamba wanawake sitini wanasubiri nafasi. Mwisho wa mwezi kila mmoja wetu atasoma ukurasa mbele yake; atakayeshindwa atampisha mwingine.

Sisi wa nyuma tukaingiwa na baridi. Kitabu kwetu kilikuwa ukungu mtupu. Tukafanya ujanja: jioni watoto wetu wanatusomea, sisi tunakariri. Mwalimu akiniita, nasimama, natiririka kama maji. Siku moja Mama Futi akaniona nikimaliza ukurasa mzima ilhali kitabu nimekifungua ukurasa mwingine kabisa. Wakati wa mapumziko akaniita.

"Wifi, hebu nitungie uzi, mikono yangu imechoka."

Nikalamba uzi, nikachomeka. Ukapita pembeni. Nikalamba tena.

"Utaumaliza uzi wangu kwa kuula."

"Sindano yako haina tundu!"

"Ina tundu la kupita kamba ya mbuzi. Tangu lini huoni?"

"Naona vizuri. Mimi mzima."

Neno hilo tulilijua sote. Kambini, wakati wa vita, aliyesema anaumwa jicho au mguu aliandikwa orodha nyingine na kupandishwa lori jingine, na wengi hawakuwaona tena watoto wao. Basi tukajifunza: ukiulizwa na mtu mwenye karatasi, wewe mzima. Vita vikaisha, mdomo ukabaki kulekule.

Mama Futi hakubishana nami. Aliwaita wenzangu mmoja mmoja, "Shoga, nitungie uzi," na aliyeweza alikuwa mmoja tu, naye kwa kubahatisha. Kisha akanishika mkono kunipeleka kwa mratibu.

"Wifi, unatufukuzisha wote!" nikamlilia njiani. "Si ungeniacha nikariri?"

"Na karatasi ya dawa ya mtoto nayo utaikariri?"

Ofisini hakuzunguka. "Hawa wa mstari wa nyuma si wazito wa kichwa, ni macho. Watafutie miwani na uwaongeze muda."

"Mbona hakuna aliyesema?" mratibu akauliza.

Wifi akanitazama mimi. Nikaeleza habari ya lori, nikingoja aandike jina langu. Binti yule akaitia kalamu yake ndani ya droo, akaifunga.

"Hakuna atakayetolewa," akasema.

Miwani ikaja ndani ya boksi, imeshatumiwa na watu wa mbali tusiowajua. Mama Futi akatujaribishia kama anavyojaribisha magauni. Yangu ilikuwa nyekundu, pana, watoto wakaniita bundi. Na waniite! Nilifungua kitabu mahali ambapo hakuna mtoto aliyenisomea, nikasoma: "Mvua imenyesha. Njia ina matope." Nikalia kwa ajili ya matope. Siku ya kusoma mbele ya mratibu tulipita wote kumi na mmoja, na saba kati yetu tukamaliza darasa la saba. Wale waliotoa miwani yao sitawajua hadi naingia kaburini, lakini nawaombea kila siku.

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu palepale ghalani, alikuja kumsalimia wifi. Mama Futi akamvuta karibu.

"Jumatatu unapokea wanawake wapya?"

"Ndiyo, bibi. Ishirini na wawili."

"Kabla hujafungua kitabu, kaa na kila mmoja peke yake, umwombe akutungie uzi."

"Mimi kushona sijui, bibi."

"Ndiyo vizuri, wataamini unahitaji msaada. Usimwulize mtu kama anaona, atakwambia anaona. Atakayeshindwa, mshike mkono umpeleke kwa mratibu wewe mwenyewe. Haya, inuka ukanunue sindano kabla duka halijafungwa."