Bendera ya Salama Iliyoshushwa na Binti wa Veikot

Asubuhi hii ukumbi wa barafu wa mji wa Haukiniemi, Finland, uko kimya, isipokuwa mngurumo wa mashine moja kubwa ya kulainisha barafu. Eija Rautiainen ameikalia kama dereva wa trekta, kofia ya sufu imemfunika hadi masikioni. Anazunguka taratibu, na nyuma yake barafu inabaki imelowa na kung'aa kama sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

Anashuka, anavua glavu, anapuliza vidole. Swali la kwanza tu linamkwamisha: anafanyia kazi klabu gani?

"Ungeniuliza mwaka jana ningekujibu," anasema. "Sasa hivi hata mwenyewe sijui."

Eija ana umri wa miaka 62, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia kuhudumia timu ya hoki ya barafuni yenye majina matatu. Wazee wa upande wa kiwanda cha mbao bado wanaishangilia kwa kuita "Salama!", neno ambalo kwa Kifini halina utulivu wowote, maana yake ni radi. Wazee wa ng'ambo ya mto wanaita "Veikot!", yaani Majamaa. Wajukuu wao wanajua Hauet tu, wale samaki wenye meno waliochorwa kifuani kwenye jezi.

Zamani zilikuwa klabu mbili. Salama ilianzishwa na wapasua mbao waliokuwa wakifagia theluji ziwani ili wapate pa kuchezea. Veikot ilikuwa ya wenye maduka na makarani. Watu wa pande hizo mbili hawakununua mkate duka moja, wala hawakuoana bila maneno.

Baba yake Eija, Onni Rautiainen, alikuwa mwoka mikate na golikipa wa Veikot. Mwaka 1969 timu hizo zilikutana kwenye fainali ya ubingwa wa nchi. Dakika za mwisho, kisahani cha mpira kinachotumika kwenye hoki badala ya mpira kikapita katikati ya miguu ya Onni. Salama wakawa mabingwa.

"Nilikuwa mtoto mdogo, lakini naukumbuka ule ukimya wa nyumbani," Eija anasema. "Mama alikataza mtu yeyote kutaja neno radi. Hata mvua ikinyesha na kupiga radi, tulisema mbingu inakohoa."

Miaka kumi na mitano baadaye klabu zote mbili ziliishiwa, zikaunganishwa zikawa Hauet. Onni aliapa kutokanyaga humo. Binti yake alipopata kazi ukumbini, hakusema naye majira yote ya baridi. Na kila siku aliyoendesha mashine yake, Eija alipita chini ya bendera ya ubingwa wa Salama iliyoning'inia darini.

"Niliichukia," anakiri. "Kila mzunguko nilikuwa naitolea ulimi. Si utani."

Misimu miwili iliyopita Hauet ilifilisika. Eija alifanya kazi miezi mitatu bila mshahara ili barafu isiyeyuke. Kisha kampuni mpya ikainunua timu, na wanasheria wake wakaja na jambo ambalo mji mzima haujalielewa hadi leo: klabu ya zamani imekufa, hii ni nyingine, na kisheria hii haijawahi kutwaa ubingwa wowote.

Mwanzoni mwa Novemba mkurugenzi, Jouni Lampela, kijana aliyehamia kutoka kusini, alimfuata Eija kwenye chumba cha mashine.

"Eija, ile bendera ishuke kabla ya mechi ya Jumamosi."

"Ipi?"

"Si iko moja tu?"

Eija anasema alitarajia kufurahi. Alipanda kwa winchi hadi darini, akafungua kamba, akaikunja bendera ile juu ya mapaja yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Nikajiuliza, we mwanamke una nini? Adui yako si huyu umemshusha? Nililia kama mtu aliyefiwa, na sikujua nani kafa."

Jumamosi mashabiki walipotazama juu na kuona pengo, upande wa Salama uliacha kuimba. Ajabu ni kwamba upande wa Veikot nao ulinyamaza. Eija alipoingia na mashine wakati wa mapumziko, sauti ikatoka jukwaani.

"Binti wa Onni! Umelipa kisasi cha baba'ako, umeridhika?"

Alipokwenda kunywa kahawa, Sinikka Hyvättinen, muuza soseji wa ukumbini ambaye baba yake alikuwa mpasua mbao na mchezaji wa Salama, aliweka birika chini.

"Kahawa imeisha."

"Sinikka, birika linatoa moshi."

"Imeisha kwa watu wa Veikot."

"Miaka yote hii nakunywa hapa, leo ndiyo umekumbuka mimi ni Veikot?"

"Na wewe leo ndiyo umekumbuka, ulipopanda kule juu!"

Kesho yake Eija alikwenda kumwona baba yake kwenye nyumba ya wazee. Onni sasa ana miaka 83. Magoti yamegoma, lakini ulimi bado una kasi. Eija alidhani anampelekea habari njema, angalau mmoja afurahi.

"Baba, bendera ya Salama imeshushwa. Wanasema ubingwa ule hauhesabiki tena."

Mzee aliacha kutafuna.

"Nani kasema?"

"Wanasheria."

"Wanasheria walikuwepo?" Onni aligonga meza kwa kijiko. "Wairudishe! Kama Salama hawakushinda, mimi nilifungwa na nani? Miaka yote hii nimelala vibaya kwa ajili ya nini?"

"Lakini Baba, wewe mwenyewe ulikuwa huwezi hata kuitazama."

"Siwezi! Na nataka iwepo nisiitazame."

Eija aliondoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Hata hivyo Jumatatu alimfuata mkurugenzi ofisini akamweleza kila kitu. Jouni alisikiliza mdomo wazi.

"Ngoja. Aliyefungwa ndiye anayedai ubingwa wa aliyemfunga urudishwe?"

"Ndiyo."

"Sielewi."

"Hata mimi sielewi, Jouni. Lakini nimepanda mara moja kuishusha, na mara ya pili nitapanda kuirudisha. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishashuka."

Hakufukuzwa. Jouni alizungumza na wanasheria kwa simu mchana kutwa, akarudi na jibu la kushangaza pia: bendera inaweza kuning'inia, mradi isiwe mali ya klabu. Iwe ya mji. Eija hajui mji unawezaje kushinda mechi ya hoki, na hakuuliza. Alipanda, akaifunga kamba, safari hii mafundo mawili.

Aliposhuka, Sinikka alikuwa amesimama pembeni ya barafu na kikombe cha kahawa. Hakuomba radhi, na Eija hakudai.

"Umeipinda kushoto," Sinikka alisema.

"Panda uinyooshe."

Masika yajayo Eija atastaafu. Kabla ya hapo ana mpango mmoja: kumleta baba yake ukumbini, kwa mara ya kwanza tangu klabu ziungane, akiwa na blanketi la magotini na soseji ya Sinikka mkononi. Ilimchukua siku kadhaa kumshawishi, na mzee amekubali kwa sharti moja, kwamba kiti chake kiipe bendera mgongo.

"Nimemwambia, Baba, ukikaa hivyo hutaona hata mechi," Eija anasema, akivaa tena glavu zake. "Akaniambia, 'Nani kakwambia nakuja kuona mechi? Nakuja kukaa na watu.'"