Kifurushi Kilichozaliwa Kitupu

Ofisini walimwita Mama Vifurushi, na jina hilo halikumkera. Alianza kama mpiga chapa katika bohari ya dawa inayohudumia hospitali kumi na mbili. Kompyuta zilipoingia wenzake wakazikwepa, yeye akazisogelea. Sasa, na miaka yake hamsini na mitatu, kazi yake ilikuwa kuhamisha marekebisho ya programu. Mainjinia wakishatengeneza kitu kwenye mfumo wa majaribio, kinafungwa ndani ya faili kama kifurushi, naye anakipeleka kwenye mfumo wa kazi, ule unaotumiwa na bohari.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, kifurushi kiligoma. Kilibeba marekebisho ya lebo za dawa za watoto, maana lebo za zamani zilikuwa zinakata mwaka wa mwisho wa matumizi. Skrini ikaandika kwa rangi nyekundu: faili tupu.

"Rudia tu, mama," alisema injinia aliyekitengeneza.

Akarudia mara tatu. Tupu.

"Basi ni mtandao. Kimemwagika njiani."

"Kabla hatujaisingizia njia, tukaangalie kilikotoka."

Wakafungua orodha ya faili upande wa majaribio. Kifurushi kilikuwepo: jina kamili, tarehe, saa. Ukubwa, sifuri. Hakikupoteza chochote njiani, kilizaliwa kitupu.

Simu ikalia. Alikuwa mtunza stoo. "Dada, gari la hospitali liko mlangoni tangu saa mbili. Nifanyeje?"

"Nivumilie kidogo, kaka. Lebo za zamani usibandike hata moja."

Akaandika faili dogo kwa mkono wake, neno moja tu, "hujambo", akalihifadhi palepale. Alipolifungua, hamna kitu.

"Lakini diski ina nafasi tele," injinia akabisha. "Nimeangalia asubuhi."

"Umeangalia ya mashine yako. Vifurushi havikai huko, vinakaa kwenye ghala la pamoja, ile diski ya mashine zote."

Wakaliangalia ghala. Limejaa pomoni. Lilikuwa na nafasi ya kuandika jina la faili, lakini si kilichomo.

Ilibidi lipunguzwe. Mama Vifurushi akaipanga orodha kuanzia vya zamani kabisa, na hapo ndipo alipoduwaa. Vifurushi elfu kumi na nne, vya miaka kumi na tisa, na kila kimoja kina mstari wa maelezo ulioachwa na aliyekitengeneza. "Dawa mbili zenye majina yanayofanana zisichanganywe." "Onyo la mzio litokee kabla ya kuchapisha." "Kipimo cha mtoto njiti, jaribio la saba. Ee Mungu, safari hii likubali."

Vidole vyake vikaacha kibodi. Baadhi ya watu hao walikuwa wamestaafu. Wengine aliwasindikiza mwenyewe makaburini. Na kazi yao ilikuwa bado inatembea, asubuhi ileile, ndani ya kila boksi lililotoka mlangoni, bila mgonjwa hata mmoja kujua.

"Umeona nini, mama?"

"Njoo usome."

Injinia akavuta kiti. Akasoma, akasoma, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeingia mahali pa ibada. "Kumbe tumesimama juu ya mabega ya watu wengi hivi."

Baadaye akauliza, "Tufute vya zamani?"

"Hatufuti hata kimoja. Tunavihamishia diski ya akiba."

Ikawachukua dakika arobaini. Kile kitupu hawakukibembeleza. Injinia alikifunga kifurushi upya kutoka mwanzo. Safari hii ukubwa haukuwa sifuri, na kikapita moja kwa moja.

"Mwaka unaonekana wote!" mtunza stoo alipiga kelele kwenye simu. "Tunapakia sasa hivi, dada."

Tangu hapo kila Jumatatu Mama Vifurushi hupima nafasi iliyobaki ghalani. Na injinia akimletea kifurushi chenye maelezo ya neno moja, "marekebisho", humrudishia. Mainjinia wananung'unika, wanamwita msumbufu, kisha wanakaa chini kuandika sentensi nzima.