Mchezaji Tuliyemnyima Bugali

Enzi zile tulipokuwa watoto wa Hagsätra, pembezoni mwa jiji kuu la Waswidi, kwenye kituo cha mwisho cha treni ya laini ya kijani, hakuna aliyeuliza Jumamosi tutafanya nini. Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Simu zilikuwa na vitufe na mchezo mmoja wa nyoka, na mtoto aliyetaka kumwona mwenzake alisimama chini ya jengo akaita jina mpaka dirisha lifunguke. Ukiita sana, bibi mmoja Mswidi wa ghorofa ya chini kabisa alifungua la kwake pia. Hakusema neno, alikutazama tu, na kule kutazama kuliuma kuliko kofi la mama.

Siku za shule tulikuwa Waswidi. Alhamisi tulikula supu ya njegere, na baada yake chapati nyembamba zenye jamu, ambazo tulizikunja na kuzificha mfukoni mpaka jamu ikapenya kwenye suruali. Theluji ikianguka tuliteleza kilimani tumekalia mifuko ya takataka. Nyumbani Baba alituuliza mambo kwa Kiswahili chake cha Bukavu, sisi tukamjibu kwa Kiswidi bila hata kuinua macho. "Miye nilizaa watoto, ao nilizaa wafanyakazi wa ofisi?" alikuwa akisema, maana Kiswidi kwake kilikuwa lugha ya watu walio nyuma ya meza.

Jumamosi tulirudi kuwa watu wa kwetu. Ajabu ni kwamba kilichoturudisha hakikuwa kanisa wala harusi, ulikuwa mpira wa Waaustralia.

Uliletwa kwetu na Mugisho, kijana wa jengo letu, mtoto wa Mama Riziki. Alikuwa akifanya kazi ghalani na Mwaustralia mmoja, na huyo Mwaustralia alipomwona anavyorukia maboksi ya juu, akamwambia aje ajaribu kwenye klabu yao. Ilikuwa klabu ndogo ya watu wa ridhaa, iliyochezea uwanja wa nyasi pembezoni mwa msitu, si mbali na kwetu. Fulana zao zilikuwa na picha ya ndege mwenye miguu mirefu, na kwa kuwa jina lao lilitushinda kutamka, tukawaita Korongo. Mashabiki wao tulikuwa sisi. Mbali na sisi alikuwapo mke wa mchezaji mmoja, na mbwa wake.

Mpira wenyewe ni wa umbo la papai. Unapigwa kwa mguu, unapigwa kwa ngumi, unadakwa hewani, na mchezaji anaruhusiwa kupanda mgongoni kwa mwenzake ili aufikie. Milingoti ya goli ni minne. Ukipitisha katikati unapata pointi sita, na ukikosa kidogo, ukapita pembeni, wanakupa pointi moja. Hiyo pointi moja ndiyo iliyomteka Baba. "Hawa watu wanajua maisha," alisema siku ya kwanza. "Unakosa, na bado wanakupa kitu. Wapi pengine uliona vile?"

Sisi watoto tulitengeneza wa kwetu kwa soksi zilizosokotwa ndani ya mfuko wa plastiki, tukapandana migongoni chini ya ngazi za jengo mpaka magoti yakachubuka. Kila mmoja alitaka kuwa Mugisho. Aliporuka, alipaa akakaa huko juu kana kwamba amesahau kitu na anakitafuta, kisha akashuka na mpira kifuani. Akina mama walipiga vigelegele, mbwa akabweka.

Lakini raha yenyewe ilikuja baada ya mechi. Kwenye mteremko wa nyasi akina mama walitandika vitenge, wakafungua masufuria yaliyofungwa kwa taulo yasipoe. Bugali mweupe unaofuka moshi, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, sambaza, wale dagaa wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zikavunjika mdomoni, chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Wachezaji walipanda wakitokwa jasho, wakanawa, wakala nasi kwa mkono. Hata wale Waaustralia wekundu walijifunza kukata tonge, ingawa waliliviringa kama watoto wanaotengeneza mpira wa theluji. Walikuwapo Wakongomani, Warundi, Wakenya, Mtanzania mmoja aliyejifanya hajui kupika. Wazee walibishana kuhusu serikali za nchi walizokimbia, na sisi tukala mpaka tukalala chali tukitazama misonobari.

Kwetu kuna neno moja: mtu hajafika mpaka ale. Anaweza kuwa amevuka mlango, amevua koti, amekaa kitini. Kama hajaonja chakula cha nyumba, bado yuko njiani. Ndilo neno lililotuponza.

Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, kabla msimu haujaanza, Otieno alikuja na habari. Otieno alikuwa Mkenya, dereva wa basi, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizuri ndiye aliyeongea na kocha kwa niaba yetu. Tulikuwa tumeketi kwenye mteremko, siku ya mazoezi.

"Wazee," alisema, "klabu imefanya mabadilishano na klabu ya mji wa Södertälje. Tunawapa Mugisho. Wao wanatupa mtu mrefu, anapiga mpira mbali sana."

Baba akaweka kikombe chini. "Mtu anabadilishwa na mtu? Ni kiatu, ukikosa namba yako unarudisha dukani?"

"Baba Neema," Otieno alimjibu baba yangu, "ni kawaida kwao. Na tusidanganyane, mwaka jana tulipigwa kama ngoma. Mugisho anaruka vizuri, lakini hana mtu wa kumrushia."

"Wee Mkenya unapenda kushinda."

"Sasa tunakuja hapa kupenda kushindwa?"

Watu walicheka, Baba hakucheka. "Miye walinibadilisha kambi, wakanibadilisha kijiji, wakanibadilisha na nchi," alisema. "Kila mara kuna mtu mwenye karatasi: wee leo huku, kesho kule. Sikuulizwa hata siku moja. Leo naona wanamufanya ile kitu mutoto wetu, na miye nikae nipige makofi?"

Mama Riziki alikuwa akichambua maharagwe mapajani. Aliongea bila kuinua kichwa. "Mutoto ni wa kwangu, na miye silii. Mbona ninyi munalia? Mulimuuliza yeye mwenyewe?"

Ubishi ulikuwa mtamu, na swali lake lingeuharibu. Mmoja akasema twende kwa kocha, mwingine akasema tuache kuja. Otieno alisema tumpe mgeni nafasi, naye hana kosa. Ndipo Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na aliyejua kumaliza kikao, akatoa hukumu. Mgeni hajafika mpaka ale. Basi asile. Asipokula kwetu hajafika, na kama hajafika, mabadilishano hayajakamilika, na Mugisho bado ni wetu. Msimu ukiisha, kocha ataona mambo hayaendi, atamrudisha.

Leo ukilisema hivyo linachekesha. Siku ile watu wazima waliitikia kwa vichwa, wakaona wamepata sheria.

Mgeni alikuja Jumamosi ya kwanza ya msimu. Jina lake lilikuwa Craig, Mwaustralia naye, lakini tulimwita Mbadala. Alikuwa mrefu hata alipoinama, na alipiga mpira ukapotelea juu ya miti, ukarudi ukiwa umechelewa. Korongo walishinda. Mteremko mzima ulikaa kimya kama watu wanaongoja matokeo ya hospitali. Baada ya mechi akapanda kwetu akitabasamu, wenzake walikuwa wamemwambia kuhusu chakula. Alimpa kila mzee mkono, hata Baba, akaweka chini mfuko wa karatasi wenye keki za mdalasini alizozileta, kisha akakaa penye ukingo wa kitenge akangoja.

Hapo ndipo tulipogundua tatizo ambalo hukumu ya Baba haikulifikiria. Kwetu huwezi kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Ni aibu kubwa kuliko wizi. Kumfukuza hatukuweza, kumlisha tulikataa. Ikabaki njia moja: hakuna atakayekula. Masufuria yakakaa yamefungwa. Harufu ya sombe ilipenya kwenye taulo, matumbo yetu yakaunguruma, Mtanzania akakohoa, na wazee wakazungumza habari za hali ya hewa kwa muda ambao sijawahi kusikia watu wakizungumza hali ya hewa. Wale Waaustralia wengine walitutazama bila kuelewa, wakaondoka mmoja mmoja. Mbadala alikaa mpaka mwisho. Alipoondoka, wazee waliona haya ya kufungua chakula, wakakibeba kurudi nacho. Keki zake hakuna mkubwa aliyezigusa. Sisi watoto tulizila nyuma ya kichaka, na zilikuwa tamu.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Mama alianza kunung'unika: "Napika kutoka asubuhi, nabeba, narudisha. Miye ni punda wa sombe?" Akaacha kupika. Mwingine akaacha. Walipoacha, Warundi waliotoka mbali hawakuona sababu ya safari ndefu ya treni kwa ajili ya kukaa na njaa kwenye nyasi. Otieno akabadilisha zamu, akaendesha basi Jumamosi. Mbadala aliendelea kupanda mteremko kila baada ya mechi, akatusalimu, akakaa kidogo. Siku moja alileta mkate na jibini lake, akakata vipande, akatukaribisha. Baba alitikisa kichwa kwa upole. "Nashukuru, nimeshiba," alisema kwa Kiswidi. Tumbo lake lilisikika.

Karibu na mwisho wa msimu Södertälje walikuja kucheza kwetu. Baba aliwapigia watu simu, akawaomba waje, Mugisho anarudi. Wakaja wachache. Mugisho alicheza na fulana ngeni, akaruka vilevile, na sisi watoto hatukujua tupige kelele au tunyamaze. Mechi ilipoisha akapanda mbio kama zamani, akamkumbatia mama yake, akatazama huku na huku kwenye nyasi.

"Chakula kiko wapi?" aliuliza.

Baba akamshika mkono, akamketisha. "Kijana wangu, unarudi lini? Sisi hatujamupokea yule. Hata chumvi yetu hajaonja. Nafasi yako iko vile uliiacha."

Nadhani Mugisho alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kuvunja kitu. "Baba Neema, miye ndiye niliomba. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha malori, Södertälje, na nyumba kule. Mama alijua. Ile kubadilishana ni miye nilimuambia kocha, ili Korongo wasibaki bure, wapate mtu."

Baba akamgeukia Mama Riziki. Alikuwa anakunja kitenge chake. "Niliwauliza," alisema. "Siku ile niliwauliza, mulimuuliza yeye mwenyewe? Mulitaka kugombana, nikawaacha mugombane."

Chini uwanjani Mbadala alikuwa anakusanya koni peke yake. Sijui kama Baba alimwona. Alisimama, akapangusa nyasi kwenye suruali, akasema tutachelewa treni, ilhali nyumba yetu ilikuwa ya kwenda kwa miguu.

Mbadala alirudi kwao Australia kabla theluji haijaanguka. Korongo hawakupata watu wa kutosha mwaka uliofuata, klabu ikafa, na uwanja ukabaki wa watu wa kutembeza mbwa. Mama Riziki alimfuata mwanawe Södertälje. Otieno alihamia Uingereza. Tulijaribu kukutana kwenye ukumbi wa kanisa, lakini ukumbini kila mtu alikaa na watu wa nchi yake, na ikifika saa ya kurudisha funguo tulikuwa hatujamaliza hata kusalimiana. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na neno la mpira halikutoka tena mdomoni mwake. Tulipomzika niliwaona watu wa mteremko kwa mara ya mwisho, wamesimama mbalimbali kwenye baridi, kila mmoja akitazama saa ya treni yake.

Mimi nimezunguka tangu hapo. Nimefanya kazi Malmö, nimekaa Oslo, nimerudi, sasa niko Fisksätra, na kila ninapohamia jambo la kwanza ninalotafuta ni nyasi yenye mteremko. Nikiipata nakaa, natazama, naondoka. Mtoto wa dada yangu ananionea huruma. Yeye ana klabu ndani ya simu, na anauza na kununua wachezaji kwa kidole gumba kabla chai haijapoa. Nilipomwambia kwamba watu wazima walishinda na njaa msimu mzima kwa sababu ya mchezaji mmoja, alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini hatukununua mwingine. Ana marafiki mia kadhaa ndani ya hiyo simu, na sijawahi kusikia hata mmoja akimwita kutoka chini ya dirisha.

Mwezi uliopita dada yangu mwenyewe alihamia Kanada. Hakukuwa na kikao, hakuna aliyegoma kula, hakuna mzee aliyeuliza nani kamruhusu. Enzi zetu mtu mmoja alihamia kituo kingine cha treni, tukagombana mpaka tukaangamia. Siku hizi mtu anaondoka, nasi tunaona kwenye simu kwamba ameshafika.